Mgonjwa mmoja, mafaili mawili: namna ya kuleta tiba ya akili na uraibu kwenye kituo cha afya cha kawaida

Mtu mwenye kisukari, sonona na tatizo la pombe ni mtu mmoja, lakini kwa jinsi huduma nyingi zilivyopangwa anahesabika kama wagonjwa watatu. Kisukari kinatibiwa kwenye kituo cha karibu. Sonona, yaani ule mfadhaiko mzito unaomnyima mtu usingizi, hamu na nguvu kwa wiki kadhaa mfululizo, inapelekwa kwa bingwa wa hospitali kubwa. Kuhusu pombe, anaambiwa akaiache kwanza ndipo arudi. Hapo katikati anapigwa danadana mpaka anachoka, na anachokuja kuacha si pombe, ni kliniki.

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, muuguzi kiongozi au yeyote aliyepewa jukumu la kuingiza tiba ya akili na uraibu kwenye huduma ya msingi. Vikwazo vinavyotajwa kila mara ni uhaba wa wataalamu, fedha na unyanyapaa, na vyote ni vya kweli. Lakini hata vituo vilivyovivuka hukwama mahali pengine: mgonjwa ameshagunduliwa, ameshapewa dawa au rufaa, halafu hakuna mtumishi hata mmoja mwenye jina lake kwenye orodha ya kumtafuta wiki ijayo. Ndiyo maana tunashauri kazi ianzwe kinyume na mazoea. Panga ufuatiliaji kwanza, dawa pili, makabidhiano tatu. Maswali ya uchunguzi, ambayo wengi huanza nayo, yaje mwisho.

Usianze na chumba

Wazo la kwanza la wengi ni kumtafutia mshauri nasaha chumba ndani ya jengo. Chumba kinasaidia, hasa kwa faragha, ila mshauri anayekaa mlango wa pili na kuandika kwenye faili lake mwenyewe yuko mbali na tabibu kama aliye mji mwingine. Jipime hivi: toa mafaili 10 ya wagonjwa waliomwona mshauri mwezi uliopita, mpe tabibu. Je, ndani ya dakika moja kwa kila faili anaweza kusema lengo la tiba ni nini, mgonjwa anatumia dawa gani na atatafutwa lini? Akishindwa kwa mengi, mnachoshirikiana ni paa tu.

Mpangilio wenye ushahidi mzuri zaidi ni ule wa huduma shirikishi, yaani tabibu, mfuatiliaji na bingwa kumtibu mgonjwa kwa pamoja, uliojengwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Utafiti wao wa IMPACT, uliochapishwa 2002, ulihusisha watu 1,801 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, wote wana sonona, kwenye kliniki 18 za huduma ya msingi. Baada ya mwaka mmoja, karibu 45% ya waliokuwa kwenye huduma shirikishi walikuwa wamepungukiwa dalili kwa nusu au zaidi. Kwa wale wa huduma ya kawaida ilikuwa 19%. Jambo la kuangalia hapo ni kwamba hao wa pili hawakunyimwa dawa wala rufaa. Walichokosa ni mtu wa kuwafuatilia na bingwa wa kuwapitia mara kwa mara.

Daftari kabla ya dodoso

Chagua mtumishi mmoja awe mfuatiliaji. Anaweza kuwa muuguzi, mshauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii. Cheo si hoja, hoja ni saa alizotengewa. Mpe daftari moja au jedwali moja la kompyuta, lenye safu hizi: namba ya faili, tarehe ya kuanza, alama za mwanzo, alama za mwisho, tarehe ya mawasiliano ya mwisho, dawa na kipimo, tarehe aliyojadiliwa na bingwa, hatua inayofuata na nani wa kuifanya. Safu hiyo ya mwisho isipokuwa na jina la mtu haina maana. "Timu itafuatilia" ni sawa na kusema hakuna atakayefuatilia.

Alama zinazozungumzwa hapa ni za PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, lenye maswali 9 na jumla inayoanzia 0 hadi 27. Kuanzia 5 ni dalili nyepesi, 10 za wastani, 15 za wastani kuelekea kali, 20 kali. Kwa wasiwasi kuna GAD-7, jumla 0 hadi 21, na alama 10 ndiyo ya kusimama na kuchunguza.

Chukua mstari mmoja wa mfano. Mwanamke wa miaka 46, ana kisukari. Alianza na alama 17. Wiki ya nne ana 15. Dawa yake ya sonona ni fluoksetini miligramu 20. Mawasiliano: simu mbili, moja haikupokelewa. Kwenye foleni ya kawaida mama huyu angeonekana "anaendelea na dawa", na angepewa nyingine za mwezi. Kwenye daftari anaonekana ameshuka alama 2 tu, na kanuni ni kwamba asiyeshuka angalau alama 5 ndani ya wiki 4 hadi 6 anahitaji mabadiliko. Kabla ya kuongeza kipimo, mfuatiliaji anauliza: "Mama, vidonge vimebaki vingapi?" Si "Unakunywa dawa vizuri?", kwa sababu jibu la swali hilo ni ndiyo siku zote. Vikibaki 19 kati ya 30, umeshajua kwamba dawa haijashindwa. Haijanywewa. Huenda aliiacha baada ya siku kumi na moja kwa kichefuchefu, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba kichefuchefu hicho kwa kawaida huisha chenyewe baada ya wiki moja au mbili, au kwamba kumeza baada ya chakula kunapunguza.

Lengo liandikwe: alama chini ya 5, au angalau kushuka kwa nusu. Bila lengo, mtu anakaa kwenye dawa ileile mwaka mzima akiwa na alama 14, na kila anayemwona anaridhika kwamba "yuko kwenye tiba".

Piga hesabu ya saa

Kikwazo cha muda hakiondoki kwa kuhamasishana. Kinaondoka kwa hesabu. Tuseme mfuatiliaji ana watu 60 wanaoendelea na tiba kwenye daftari na kila mmoja anawasiliana naye mara moja kila wiki mbili. Hayo ni mawasiliano 30 kwa wiki; kwa dakika 20 kila moja, ni saa 10. Ongeza dakika 5 za kuandika kila mara, saa mbili na nusu. Ongeza wagonjwa wapya wanne kwa wiki, saa moja kila mmoja, saa 4. Ongeza kikao cha bingwa, saa 1. Jumla ni saa 17 na nusu, karibu nusu ya wiki ya kazi.

Kwa hiyo mfuatiliaji wa watu 60 anahitaji kuondolewa kwenye sindano, chanjo na dirisha la kadi kwa nusu ya wiki, na hilo liandikwe kwenye ratiba ya zamu. Mganga mfawidhi akisema "atafanya pale anapopata nafasi", punguza orodha hadi watu 15 au achana na mpango kwa sasa. Daftari la watu 60 linalohudumiwa kwa nafasi za kubahatisha ni baya kuliko kutokuwa na daftari, maana linawapa wote imani kwamba kuna mtu anaangalia.

Bingwa wa saa moja kwa wiki

Wengi husema hawawezi kuanza kwa sababu hawana daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Kwa mpangilio huu huhitaji bingwa wa kukaa kituoni. Unahitaji saa yake moja kwa wiki, kwa simu, siku ileile na saa ileile. Kikao kinaongozwa na daftari: kwanza wenye hatari ya kujidhuru, kisha wasiopata nafuu, kisha wapya, mwisho waliopotea. Kwa saa moja hupitiwa watu 6 hadi 8. Bingwa anatoa ushauri, mfuatiliaji anaandika, tabibu wa kituo ndiye anayeamua na kuandika dawa. Mgonjwa anapelekwa kwa bingwa ana kwa ana pale tu ushauri umeshindwa au ugonjwa wenyewe unadai hivyo.

Kinachoharibu vikao hivi ni kujadili wagonjwa wanaovutia badala ya waliokwama. Kisa kigumu cha mtu mmoja kinakula dakika 40, na wale saba walioganda kwenye alama 13 wanasubiri wiki nyingine. Mfuatiliaji awe na orodha iliyopangwa kabla ya simu kupigwa, na awe na ruhusa ya kumkatisha bingwa. Hilo la pili ni gumu kuliko linavyosikika.

Dawa zihesabiwe kabla ya kutangaza huduma

Matibabu ya sonona kwa dawa huendelezwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Watu 20 wanaomeza kidonge kimoja kila siku kwa miezi 9 wanahitaji vidonge 5,400. Kama agizo lako la robo mwaka ni vidonge 500, umejiandaa kuwatibu watu watano kwa siku 100, kisha uwaachishe ghafla. Mtu aliyekatishwa dawa kwa sababu dirisha limekauka harudi akiambiwa imeshafika. Na akirudi, anarudi akiwa na imani ndogo kuliko mwanzo.

Fluoksetini kwa mtu mzima huanzwa miligramu 10 kwa wiki moja, kisha 20. Nafuu huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, ilhali maudhi huanza siku za mwanzo. Pengo hilo ndilo linalopoteza wagonjwa wengi, hivyo simu ya siku ya 7 na ya 14 ni sehemu ya dawa yenyewe. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ni rahisi kupatikana, ila ikizidishwa inaua. Usimpe dawa ya mwezi mzima mtu mwenye mawazo ya kujiua, mpe ya siku 7 na amwachie ndugu kuitunza. Kabla ya dawa yoyote ya sonona, uliza kama aliwahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa cha kuchangamka kupita kiasi, kulala saa mbili tatu bila kuchoka, kuongea mfululizo na kutapanya mali. Akisema ndiyo, simama, mpeleke kwenye kikao cha bingwa kwanza.

Mahali ambapo mafaili mawili yanaumiza waziwazi ni kwenye dawa zinazogombana. Mtu anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, kutoka kliniki ya akili. Kituo hakijui, kinampa dawa ya presha ya kundi la thiazidi, au ibuprofeni kwa maumivu ya goti. Zote mbili huinua lithiamu mwilini hadi kiwango cha sumu: anaanza kutetemeka, kuyumba, kuharisha, na watu wanadhani ugonjwa wa akili umerudi. Mwingine yuko kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na ameanzishwa tiba ya kifua kikuu yenye rifampisini. Rifampisini inaharakisha ini kuivunja methadoni, na ndani ya siku kadhaa arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, inamkamata akiwa anameza kipimo kilekile. Anaomba kuongezewa, anaonekana mjanja. Kumbe anasema kweli. Mwanamke wa umri wa kuzaa aliye kwenye valproeti, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia, naye anahitaji kliniki ya uzazi wa mpango ijue, kwa kuwa dawa hiyo huathiri sana mtoto tumboni.

Suluhisho la migongano hii ni karatasi moja ya dawa zote, iliyobandikwa ndani ya jalada la mbele, inayoandikwa na kila anayeandika dawa. Moja. Ukiwa na mbili umerudi ulipokuwa.

Kumkabidhi mkono kwa mkono

Rufaa ya karatasi ndipo wagonjwa wengi wanapodondokea. Tabibu anaandika, mgonjwa anaikunja, anaweka mfukoni, anaondoka. Njia inayofanya kazi ni tabibu kusimama, kutoka naye na kumtambulisha kwa mfuatiliaji ana kwa ana. Maneno yawe machache: "Mzee wangu, huyu ni mwenzangu, tunafanya kazi pamoja. Nimemweleza kuhusu usingizi wako. Atakaa na wewe dakika kumi leo, kisha ataniambia." Kuna vitu vinne hapo: ni mwenzangu, anajua tayari, ni leo, na mimi bado nipo. Neno "nakupeleka kwa watu wa akili" linaharibu yote manne kwa pigo moja.

Ikiwa mfuatiliaji hayupo, mpigie simu mgonjwa akiwa mbele yako. Ikishindikana hiyo pia, andika namba ya simu ya mgonjwa kwenye daftari kabla hajatoka mlangoni, pamoja na saa inayofaa kumpigia na kama wengine nyumbani wanaruhusiwa kujua simu inatoka wapi.

Sasa uulize maswali

Ukiwa na mfuatiliaji, dawa na makabidhiano, anza kuchunguza, lakini si kila mtu. Kituo cha wagonjwa 60 kwa siku kikimuuliza kila mmoja maswali mawili ya PHQ-2, dodoso fupi la sonona, kwa dakika 2, ni saa 2 za muuguzi kila siku. Muuguzi wa tatu atayaruka, na wa nne atajaza sifuri bila kuuliza. Anza na makundi yenye hatari zaidi: wenye kisukari, kifua kikuu na VVU, mama waliojifungua karibuni, wanaolalamikia usingizi, na wale wa "kichwa, mgongo, moto mwilini" wanaorudi kila mwezi na vipimo vyote safi. PHQ-2 ikifika 3 kati ya 6, endelea na PHQ-9.

Kwa pombe kuna AUDIT-C, maswali 3, jumla 12. Kwa wanaume alama 4, kwa wanawake 3, ni ya kuendelea na dodoso kamili la AUDIT la maswali 10. Hapo 8 hadi 15 ni ushauri mfupi, 16 hadi 19 ni ushauri na ufuatiliaji, 20 na kuendelea ni kuchunguza utegemezi. Kosa la kila siku liko kwenye kipimo cha kinywaji. Dodoso linahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 hivi za pombe halisi. Chupa ya nusu lita ya bia ya 5% ina karibu gramu 20. Mtu anayesema "tatu tu" amekunywa sita, na kinywaji cha kienyeji kinachopimwa kwa kopo hakina lebo ya kukusaidia. Uliza ukubwa wa chombo kabla ya kuuliza idadi.

Namna ya kuuliza inabadilisha jibu. Muuguzi akisoma kwa sauti kwenye benchi la foleni, utapata sifuri. Akipindisha swali kuwa "Hujawahi kuwaza kujiua, si ndiyo?", utapata "hapana", maana amempa jibu pamoja na swali. Soma maneno kama yalivyo, kwa sauti ileile unayoulizia kikohozi. Na mwisho wa mwezi angalia majibu: kama kituo kizima hakina mtu hata mmoja mwenye AUDIT-C zaidi ya 2, msisherehekee. Maswali hayaulizwi.

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usilianze kabla kila zamu haijajua la kufanya jibu likiwa lolote zaidi ya sifuri, ikiwemo saa kumi na moja jioni siku ya Ijumaa. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo. Uliza waziwazi: anawaza nini, ana mpango, ana njia ya kuutekeleza, lini. Mwenye mpango na njia haachwi peke yake hata kwa dakika za kwenda chooni, anapelekwa anapoweza kulindwa, na nyumbani ndugu wanaondoa sumu za kilimo, dawa zilizobaki na silaha. Asiye na mpango anaondoka na tarehe ya karibu, simu ya kesho yake, na jina la mtu wa kukaa naye.

Uraibu una vikwazo vyake

Watumishi wanaokubali sonona bila shida hukataa uraibu. Hoja ni ileile: anajitakia. Mafunzo ya unyanyapaa ya siku moja hayabadilishi sana. Kinachobadilisha ni muuguzi kumwona mtu yuleyule akirudi mwezi wa tatu, amenenepa, ana kazi. Ila maneno unaweza kuyabadilisha leo. "Teja" na "chizi" yasiandikwe wala kusemwa kituoni. Andika "anatumia heroini kwa kujidunga, mara tatu kwa siku". Ni heshima, na pia ndiyo taarifa unayohitaji kitabibu.

Sharti la "aache kwanza" liondolewe kwenye mlango wa sonona. Mtibu vyote viwili pamoja. Na kwa mnywaji wa kila siku, kumwambia aache leo ni hatari. Dalili za kukatisha huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, mapigo kwenda mbio. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo, na kuweweseka, pamoja na kuona na kusikia visivyokuwepo, huja kati ya saa 48 na 96. Aliyewahi kupata degedege au kuweweseka akikatisha, mjamzito, au mwenye ugonjwa mwingine mzito akatishie hospitalini. Mnywaji sana aliyeletwa hoi apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya glukosi. Kinyume chake kunaweza kuumiza ubongo.

Buprenofini, dawa nyingine ya uraibu wa heroini, na methadoni zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na buprenofini inaweza kuanzishwa kituo cha kawaida pale sheria inaporuhusu. Linaloharibika ni wakati wa dozi ya kwanza. Buprenofini inaisukuma heroini kutoka mahali iliposhika kwenye ubongo. Ukiitoa mapema, unamtumbukiza mgonjwa kwenye arosto kali ndani ya saa moja, na hatakuamini tena. Subiri angalau saa 12 baada ya heroini, siku moja hadi tatu baada ya methadoni, na usitegemee saa peke yake, angalia pia mwili: mboni zilizopanuka, miayo, mafua, vipele vya baridi. Alama za COWS, kipimo cha ukali wa arosto, zikifika 8 hadi 12, weka miligramu 2 hadi 4 chini ya ulimi na umwangalie. Waeleze watumishi pia kwamba mkojo ukionyesha heroini, hiyo ni sababu ya kupitia kipimo cha dawa na msaada anaopata, si ya kumfukuza. Aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia heroini, mwili wake umesahau kuhimili, na dozi yake ya zamani inaweza kumuua. Ndiyo maana aliyetoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu atafutwe siku chache za mwanzo, na naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, iwepo kituoni na kwa jamaa zake.

Siri, sheria na malipo

Usiri wa rekodi za uraibu una sababu yake: mtu akiogopa polisi au mwajiri hataingia. Lakini usiri ukizidi, tabibu anaandika dawa gizani. Marekani walikaa na kanuni za tangu miaka ya 1970 zilizotenga rekodi hizo, wakazilegeza 2024 ili ridhaa moja ya mgonjwa itoshe kwa matibabu yake yote ya baadaye. Huko huko, daktari alihitaji kibali maalumu kuandika buprenofini kwa uraibu hadi mwisho wa 2022. Soma sheria ya kwenu yenyewe, kifungu kwa kifungu. Mara nyingi kinachoitwa "sheria hairuhusu" ni tafsiri ya mtu wa masjala. Andaa fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, yenye orodha ya nani ataona nini na sehemu ya mgonjwa kukataa kipengele kimoja bila kukosa huduma. Masimulizi ya ndani ya ushauri nasaha yabaki kwa mshauri. Utambuzi wa ugonjwa, dawa, hatari na mpango viende kwenye faili la pamoja.

Malipo yanapofuata idadi ya waliokanyaga kituoni, simu za mfuatiliaji na saa ya bingwa hazina mlipaji, na mara nyingine huduma mbili za siku moja hulipwa moja. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ilianza 2017 kulipia huduma shirikishi kwa mwezi, kwa kila mgonjwa. Usipoweza kupata mpango kama huo, kusanya mapema takwimu mbili ambazo mlipaji anazielewa: alama za mwanzo na za mwezi wa sita, na idadi ya mahudhurio ya dharura ya wagonjwa haohao kabla na baada.

Mfuatiliaji akihamishwa

Atahamishwa, au atajifungua, au atapata kazi bora. Fundisha wawili tangu mwanzo, hata kama mmoja ana wagonjwa watano tu, na usimpe mtu mafunzo ya siku tano kisha ukamwacha. Saa moja ya kupitia visa na msimamizi kila mwezi ina faida kuliko semina ya pili. Anayeondoka akae na anayeingia wiki mbili, wapige simu pamoja kwa kila anayeendelea na tiba kwenye daftari, sauti mpya ikitambulishwa na ya zamani. Namba ya simu iwe ya kituo, laini isitoke na mtu. Na wale ambao hawakupokea simu ndani ya wiki hizo mbili wawekewe alama nyekundu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awatembelee, kwa nguo za kawaida, bila gari lenye maandishi.